Lugha ya Ofisi Kubwa Katika Chama Kidogo

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Buigiri, Wilaya ya Chamwino)



Yapo maneno mawili ambayo mwanachama wa chama cha msingi huyakuta mara kwa mara katika taarifa ya mwaka, nayo ni haya: "fedha zimetumika." Maneno hayo ni Kiswahili sanifu. Hayana kosa la sarufi wala la tahajia, na katibu aliyeyaandika huenda hakukusudia ubaya wowote. Lakini mwanachama aliyepeleka ufuta au alizeti yake ghalani, naye angali anangoja malipo ya pili, akisomewa maneno hayo huwa bado hajaambiwa jambo. Zimetumiwa na nani? Kwa idhini ya kikao kipi? Zimenunua nini, na kilichonunuliwa kiko wapi?

Kiswahili kina njia tatu za kulisema jambo hilo moja. Ya kwanza: "Mtunza hazina alitumia fedha." Ya pili: "Fedha zilitumiwa na mtunza hazina." Ya tatu: "Fedha zilitumika." Katika njia ya kwanza mtendaji ametangulia. Katika ya pili amewekwa nyuma, na hata asipotajwa nafasi yake imebaki wazi, kwa maana kila asikiaye "zilitumiwa" huuliza mara moja, na nani? Katika njia ya tatu nafasi yenyewe imeondolewa. Sarufi haimruhusu mtu kusema "kikombe kimevunjika na Juma". Kikombe kimevunjika tu, kama vile kuvunjika ni tabia yake.

Watoto huijua sana njia hii ya tatu. Mtoto aliyeangusha chungu hasemi kwamba amekivunja, husema kimevunjika. Mama humwelewa, kwa kuwa jikoni hamkuwa na mtu mwingine. Lakini katika chama chenye wanachama mia mbili, chenye bodi, meneja au katibu, mtunza hazina, mtunza ghala, mpimaji na mlinzi, jiko lina watu wengi mno. Hapo "zimetumika" si unyenyekevu tena wala si adabu ya maandishi. Ni pazia.

Yafaa kuuliza pazia hilo lilitoka wapi, maana wazee wa vijijini hawazungumzi hivyo wanapogawana mavuno au wanapodaiana mbuzi. Lilitoka katika ofisi kubwa: serikalini, katika mashirika ya umma, katika makampuni yenye matawi mengi. Nako huko halikuzuka bure. Ofisi kubwa ina sababu ya kusema kama isemavyo, na ni haki sababu hiyo ielezwe kabla ya kuilaumu.

Barua ikifika katika ofisi kubwa hupokewa na masijala. Karani huigonga muhuri, huiandikia tarehe na namba, kisha huiweka katika jalada la jambo linalohusika. Tarishi hulipeleka jalada kwa mkuu. Mkuu huandika dokezo: tafadhali shughulikia, au, tuzungumze. Jalada hushuka kwa msaidizi, naye huandika dokezo lake, likapanda tena. Jibu likitoka, chini yake huandikwa "kny", yaani kwa niaba ya Mkurugenzi, na anayetia sahihi si Mkurugenzi. Mwananchi aliyekaa kwenye benchi nje huona mchezo wa kupandisha na kushusha karatasi. Lakini utaratibu huo una maana yake. Watumishi huhamishwa, hustaafu na hufariki, na shauri la mtu halipasi kufa pamoja nao. Anayeingia leo hufungua jalada akaona nani alisema nini mwaka juzi. Kwa hiyo ofisi kubwa husema kwa jina la cheo, si kwa jina la mtu, na lugha yake huwa baridi kwa makusudi.

Tena yapo maneno ya ofisini ambayo si pazia hata kidogo, bali ni zana za kazi, kama jembe na mizani. Bakaa ni bakaa. Urari ukikataa kulingana, umekataa. Leja, mizania, stakabadhi, uchakavu, hati ya malipo: kila moja la maneno haya lina maana isiyoyumba, na katibu asiyeyajua hajamaliza kujifunza kazi yake. Neno masurufu lina historia ya kupendeza. Zamani watu wa pwani walilitumia kwa mahitaji ya safarini na fedha za matumizi ya nyumbani. Leo ofisini ni fedha anazokabidhiwa mtumishi kwa shughuli maalum, naye hudaiwa mpaka azitolee hesabu. Maana imesogea kidogo tu, na msafiri wa zamani angeielewa.

Maneno haya hayakushuka yenyewe. Mwaka 1967 Tanzania iliamua kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Ofisi ambazo hadi hapo zilikuwa zikiandika Kiingereza zilitakiwa kuandika lugha ya umma. Kazi ya kutafuta istilahi ilikuwa kubwa, na waliohusika hawakuchota Uarabuni na Uingereza peke yake. Neno ikulu, ambalo watu wa Buigiri wanapakana nalo kwa kuwa Chamwino ni jirani yao, limetoka bara, katika lugha za Wanyamwezi na Wasukuma. Kitivo cha chuo kikuu kimetoka milimani kwa Wapare na Wasambaa, ambako ni bonde lenye rutuba. Nia ilikuwa njema, nayo ni kumwezesha mkulima aingie ofisini na kufahamu linalosemwa juu yake.

Lakini ofisi ilibadili lugha bila kubadili tabia. Sentensi ya Kiingereza iliyomficha mtendaji ilipofasiriwa, ilimficha kwa Kiswahili. "Imeamuliwa." "Imeonekana." "Imeagizwa." Kiambishi i- kimesimama mbele kama askari wa zamu, na nyuma yake hamna nyumba.

Mkoa wa Dodoma hauhitaji kutafuta mbali mfano wa kampuni kubwa iliyodanganywa na karatasi zake yenyewe. Kongwa iko upande wa mashariki, na habari zake zinajulikana. Mwaka 1946, Uingereza ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, mkuu mmoja wa kampuni ya United Africa, iliyokuwa mali ya Unilever, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine Afrika Mashariki. Ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ulitembelea nchi kwa majuma tisa. Taarifa yake ilitaka eka 3,210,000 zifyekwe na kulimwa, zikiwa zimegawanywa katika vitengo 107, kila kimoja eka 30,000. Vitengo 80 kati ya hivyo vingekuwa Tanganyika.

Neno la kuangaliwa hapo ni kitengo. Juu ya karatasi vitengo vyote vilikuwa sawa: eka zile zile, matrekta yale yale, wafanyakazi wale wale, mavuno yale yale. Meneja aliyekaa London aliweza kuvijumlisha na kuvizidisha. Lakini Kongwa hakukuwa na kitengo. Kulikuwa na pori la miiba lenye mizizi migumu, mibuyu, mvua isiyotabirika, na udongo ambao ukikauka baada ya mvua huwa mgumu hata kuvunja vyombo vya kulimia. Matrekta mengine yalikuwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita vya aina ya Sherman, na bado pori liliyashinda. Shabaha ya mwaka wa kwanza, 1947, ilikuwa eka 150,000. Zilizopatikana hazikufika hata 10,000. Mwaka 1948 kazi ikakabidhiwa kwa shirika la serikali ya Uingereza lililoundwa kwa ajili hiyo, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Zaidi ya pauni milioni 36 zilihesabiwa kuwa hasara.

Je, karanga zilishindwa kwa sababu ya lugha? La hasha. Zilishindwa kwa ukame, kwa udongo, kwa haraka na kwa kutofanya majaribio. Lakini lugha ndiyo iliyowawezesha watu wenye elimu kubwa wasiyaone mambo hayo mapema. Mkulima wa Ugogo anayepanda uwele na mtama, kwa kuwa anajua mvua ya nchi yake huja Desemba na kuondoka Aprili, na miaka mingine haiji ipasavyo, hana neno la kumfanya afikiri kwamba shamba la bondeni na la mlimani ni kitu kimoja. Mpangaji alikuwa nalo neno hilo, nalo lilimghalimu.

Robo karne baadaye lugha ya makampuni iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1972 serikali ilipopeleka madaraka mikoani ilitumia kampuni ya washauri kutoka Marekani, McKinsey, ambayo kazi yake ilikuwa kuyafundisha makampuni makubwa namna ya kujiendesha. Kila mkoa na kila wilaya ikapata Mkurugenzi wa Maendeleo, pamoja na mipango yenye malengo na ratiba. Madhumuni yaliyotangazwa ni kumsogezea mwananchi uamuzi. Lakini halmashauri zilizochaguliwa na wananchi ziliondolewa wakati huo huo, na zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, zikaanza kazi 1984. Kwa miaka kumi na zaidi neno madaraka lilikuwa limefika mkoani, na aliyeshuka nalo alikuwa ofisa.

Kuna tukio la miaka hiyo linaloonyesha upande wa pili wa jambo. Mwongozo wa TANU wa 1971, katika ibara yake ya 15, ulikataza kiongozi kuwa na majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Maneno hayo manne yanaeleweka na kila mtu. Hayahitaji semina. Kati ya 1971 na 1973 wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliyachukua wakawapima nayo mameneja wao, mmoja mmoja, hata kazi ikasimama mahali pengi. Baadhi ya viongozi hawakulipenda tokeo hilo, na si kila madai yalikuwa ya haki. Hata hivyo ni jambo la kuangaliwa kwamba waraka wa kisiasa uliweza kushikwa mkononi na mpakia mizigo kwa sababu tu uliandikwa kwa maneno ambayo mpakia mizigo anayatumia nyumbani kwake.

Isidhaniwe kwamba ugonjwa huu ni wa Afrika. Mwaka 1944 Maury Maverick, mtu wa Texas aliyekuwa mkuu wa idara ya viwanda vidogo vya vita huko Marekani, alichoshwa na nyaraka za watumishi wake. Akawaandikia waraka mfupi, akiibandika lugha yao jina alilolibuni kutokana na mlio wa bata mzinga, na akatangaza kwa mzaha kwamba atakayetumia neno lenye maana ya "utekelezaji" atapigwa risasi. Katibu yeyote wa chama angekuwa marehemu siku hiyo hiyo. Naye Mwingereza Northcote Parkinson, mwaka 1955, alionyesha kwamba kati ya 1914 na 1928 manowari kubwa za Uingereza zilipungua kutoka 62 hadi 20, ilhali maofisa wa makao makuu yake waliongezeka kutoka 2,000 hadi 3,569. Meli zilipungua, karatasi zikaongezeka. Ofisi haihitaji kazi ili ikue.

Sasa ushirika wenyewe. Kamati maalum ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilitaja, miongoni mwa kasoro, kwamba wanachama hawakuelewa mambo ya vyama vyao. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na mamlaka ya mazao pamoja na Shirika la Usagishaji la Taifa yakawa wanunuzi. Mkulima akawa anauza kwa ofisi. Sheria ya 1982 ilivirudisha vyama, zikafuata sheria nyingine, na inayotumika leo ni ya mwaka 2013, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Chama kimerudi mikononi mwa wenyewe. Lakini muda ule wa kuuza kwa ofisi ulikuwa umekwisha kuwafundisha watu wengi kwamba ushirika ni jengo la wilayani lenye watu waliovaa tai, na kwamba taarifa ya heshima ni ile isiyoeleweka.

Madhara yake huonekana zaidi katika safu ya makato. Uchukuliwe mfano wa hesabu, ambao si wa chama chochote. Wanachama 120 wamepeleka ghalani kilo 18,000 za ufuta. Katika taarifa ya msimu kumeandikwa: "Marekebisho ya uzito yaliyojitokeza kutokana na unyaufu na sababu nyinginezo: kilo 900." Mstari mmoja, umepita. Bei ikiwa shilingi 3,000 kwa kilo, kilo 900 ni shilingi 2,700,000, yaani shilingi 22,500 kwa kila mwanachama. Unyaufu ni jambo la kweli. Zao likikauka hupungua, na hakuna anayelipinga. Lakini ikiwa kukauka peke yake kuliondoa kilo 180, basi kilo 720 zimeondoka kwa "sababu nyinginezo", nazo ni shilingi 2,160,000. Huenda gunia lilipasuka. Huenda mizani ilikuwa mibovu. Huenda panya walikula, au watu. Kila sababu ina dawa yake, na dawa ya panya si dawa ya mtu. Neno "kujitokeza" linazifanya zote kuwa kitu kimoja, kama vile kitengo kilivyolifanya pori la Kongwa kuwa sawa na karatasi.

Taarifa ambayo ingemtosheleza mwanachama si ndefu kupita ile. "Tarehe fulani mtunza ghala alipokea kilo 18,000 mbele ya wajumbe wawili wa bodi. Tarehe fulani zilipimwa kilo 17,100 wakati wa kuuzwa. Kilo 180 ni unyaufu. Kilo 720 hazijapata maelezo. Bodi itamhoji mtunza ghala na mpimaji tarehe fulani, na jibu litasomwa katika mkutano wa wanachama."

Hapa pana ugumu usiopasa kufichwa. Katibu wa chama cha msingi anaishi kijijini. Mtunza ghala huenda ni shemeji yake, au jirani aliyemsaidia kumzika mama yake. Katika ofisi kubwa lugha baridi hutenganisha watu wasiojuana. Kijijini huwalinda watu wanaojuana mno. Katibu anapoandika "zimejitokeza changamoto" mara nyingi hafichi wizi wake. Anaficha aibu ya jirani, na pengine anaogopa. Kumwambia aandike wazi bila kuutaja mzigo huo si haki. Njia iliyopo ni kutaja cheo, kiasi na tarehe, na kuacha hukumu kwa bodi na wakaguzi. "Mtunza ghala alipokea kilo 18,000" si shtaka. Ni habari, tena humlinda mtunza ghala mwaminifu, kwa maana pale inapoandikwa "zimepotea" bila mtu, kijiji kizima humtazama yeye.

Kwa habari ya hilo neno changamoto. Asili yake ni jambo la kuchangamsha, la kumpa mtu ari ya kujaribu nguvu zake. Leo limekuwa shuka la kufunikia kila kitu. Ukame ni changamoto, deni ni changamoto, mizani iliyochezewa ni changamoto, mweka hazina aliyetoroka ni changamoto. Neno linalomaanisha kila kitu halimsaidii mtu kujua afanye nini asubuhi. Wenzake ni mchakato, ambao hauna mwanzo wala mwisho. Wadau, ambao ni wengi hata mwenye shamba hujikuta mdau mmojawapo katika shamba lake. Na kubwa lao, "mamlaka husika". Barua ikisema shauri limepelekwa kwa mamlaka husika, mwanachama hajui apande basi la kwenda wapi. Ikisema limepelekwa kwa Mrajis Msaidizi wa Mkoa wa Dodoma, tarehe fulani, kwa barua yenye kumbukumbu namba fulani, anajua.

Mihtasari nayo ina ugonjwa wake, unaokaa katika ajenda ya yatokanayo. Ajenda hii iliwekwa ili kikao kiulize: lile tuliloazimia limefanywa? Lakini muhtasari ukiandika "iliazimiwa paa la ghala lifanyiwe matengenezo" bila jina wala siku, yatokanayo ya kikao kinachofuata husema "utekelezaji unaendelea", na cha baada ya hapo husema "suala linafanyiwa kazi", na mvua za Desemba hukuta paa lile lile. Mstari mmoja wenye "Makamu Mwenyekiti atamleta fundi kabla ya tarehe 15 Oktoba, gharama isizidi shilingi 400,000" humaliza ajenda hiyo katika dakika mbili, ama kwa sifa ama kwa maswali.

Ni kweli barua ya kwenda juu ina kanuni zake. Ofisi ya mkoa itataka kumbukumbu namba, kichwa cha habari na sahihi, na mfumo wa kompyuta unaotumika kusimamia vyama utataka takwimu katika visanduku vyake. Katibu hana budi kuyatimiza hayo. Kosa ni kuichukua barua ile ile iliyoandikwa kwenda juu na kuisoma mbele ya wanachama kana kwamba wao ni masijala.

Buigiri ina kipimo ambacho mahali pengi hapana. Tangu mwaka 1950 pamekuwa hapa na shule ya watoto wasioona, iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana, nayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini. Watu wa hapa wamezoea kuishi na wenzao ambao habari huwafikia kwa sikio na kwa ncha za vidole. Taarifa ya chama na isomwe mara moja kwa sauti mbele ya mtu asiyeiona karatasi, kabla haijapigwa chapa. Aulizwe: nani alifanya nini, lini, kwa kiasi gani? Akiweza kujibu, taarifa imekamilika. Asipoweza, kasoro haiko katika macho yake.

Kipimo cha pili ni Kigogo. Katika mikutano mingi mzee au bibi huomba afasiriwe, na kijana aliye karibu hufanya hivyo kwa sauti ya chini. Huyo kijana aangaliwe vizuri. Likisomwa "mtunza ghala alipokea kilo 18,000", hufasiri bila kusita. Likisomwa "kuwajengea uwezo wadau katika mchakato wa uboreshaji", hunyamaza, kisha humwambia bibi kwamba wanasema mambo ya semina. Amefasiri sawasawa.

Limebaki fungu la mwisho katika makisio ya mapato na matumizi, lile liitwalo mengineyo. Hakuna chama kinachoweza kuliepuka kabisa; wino, nauli ya ghafla na maji ya kikao havina fungu lao. Lakini kwa kuwa makisio huletwa mbele ya mkutano mkuu, na mara nyingi saa zimekwenda na watu wanataka kurudi kwa mifugo yao, fungu hili husomwa upesi. Mwanachama akiona mengineyo yamezidi fungu la magunia au la ukarabati wa ghala, asimame amwombe katibu ayasome moja moja, kabla mikono haijanyooshwa.